Ozoni Iliyoanguka Siku za Korali

Mwaka wa mwisho wa masomo yangu ya takwimu, profesa aliyesimamia memwari yangu, ile tasnifu ya kumaliza chuo, alinikabidhi mashine tatu za kupima hewa, kila moja ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, akaniambia nizichunge kuliko simu yangu. Sikuuamini mkoba wangu, basi nikazifunga mgongoni kwa kitenge. Motari wa pikipiki aliyenipeleka nyumbani aliniuliza mtoto ana miezi mingapi.

Mashine hizo zilipima ozoni. Ile ya juu sana angani sote tuliisoma shuleni: ni mwavuli, inatukinga na makali ya jua. Lakini kuna ozoni nyingine inayozaliwa huku chini mitaani, na hiyo haimkingi mtu na chochote. Haitoki kwenye bomba la gari. Moshi wa magari, wa pikipiki na wa makala, yale makaa ya kupikia, hupanda asubuhi, jua huuchukua moshi huo na kuupika kama chakula cha sufuriani, na ikifika saa nane au saa tisa mchana ozoni imeiva, nasi tunaivuta. Macho hayaioni. Kifua ndicho kinachoijua, hasa kifua chenye pumu kama changu. Utotoni nilikuwa nikibanwa mchana wa jua kali, mbingu safi kabisa, na mama yangu akishangaa: vumbi hakuna, moshi hakuna, huyu anabanwa na nini? Swali hilo nililibeba mpaka chuo kikuu.

Mashine ya kwanza niliifunga mjini, juu ya duka la dawa lililotazama mzunguko wa barabara, mahali ambapo pikipiki hazikatiki tangu alfajiri. Ya pili niliipeleka Kibumba kwa baba yangu, mkulima wa kabichi na viazi. Baba aliuliza inakula nini. Nikamwonyesha kibao chake cha sola, nikamwambia inakula jua. Aliridhika. Wiki mbili baadaye nilirudi nikakuta nambari za siku nne ni za ajabu, zimelala chini kabisa, hazipandi wala hazishuki. Baba alikuwa ameifunika kwa gunia wakati wa mvua. Nilimweleza kwamba ikifunikwa haipumui. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Kitu ya watu haiachwi ku mvua." Siku nne zile nilizifuta, na katika memwari niliandika kwamba zilipotea kwa sababu ya gunia. Profesa alikata neno gunia kwa wino mwekundu, akaweka "kizuizi cha muda".

Ya tatu ilikwenda Keshero, na hiyo ndiyo iliyonitia katika mambo ya watu.

Nilikuwa natafuta nyumba tulivu karibu na ziwa, mbali na barabara kubwa. Parokiani walinielekeza kwa wazee wawili waliotoka upande wa Bukavu zamani. Mume, niliyemwita Papa, alikuwa karani mstaafu, mtu wa shati lililopigwa pasi hata akiwa anamwagilia vitunguu. Mkewe, niliyemwita Mama, alikuwa akiuza vitenge asubuhi, na mchana wa Jumanne na wa Ijumaa alikuwa akiimba katika korali. Sauti yake ya kwanza ilisikika hata akiwa anaita kuku. Nilipowaeleza ninachotaka, Papa aliuliza kama mashine inatoa kelele. Mama yeye alishajua matokeo.

"Hapa Keshero tunavuta upepo ya ziwa, mutoto wangu," aliniambia. "Mashine yako itakuja kulala tu."

Tayari alikuwa ameamua kwamba Keshero itakuwa ya kwanza kwa usafi wa hewa, na kabla sijamaliza kugonga misumari alikuwa ameshamtangazia jirani juu ya ukuta. Sikumrekebisha. Mtafiti aliyekaribishwa sambaza, wale dagaa wa ziwani, na ugali wa muhogo habishani na mwenye nyumba siku ya kwanza.

Mahali pazuri pa kuifungia palikuwa ukutani chini ya mabati, upande wa nyuma. Kwa kuwa sheria ya kwanza ya kupima hewa ni kutokaa karibu na kitu kinachotoa moshi, niliangalia pande zote. Jikoni palikuwa mbali. Chini ya mahali penyewe palikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa kwa bashi ya bluu, yaani turubai, kamba zimefungwa kwa mafundo ya kikarani. Niliuliza ni nini. Papa akasema ni pikipiki yake. Niliuliza kama inafanya kazi.

"Ile ilikufa," alisema, akageukia vitunguu vyake.

Mama ndiye aliyenisimulia habari yake jikoni. Miaka miwili nyuma Papa alianguka nayo kwenye kona yenye mawe ya volkano, akavunjika mfupa wa bega. Aliletwa nyumbani juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukumia mizigo, kwa sababu ndicho chombo kilichokuwa kinapita, amelala kati ya magunia ya makala kama gunia la kumi. Tangu siku ile Mama alikataza pikipiki. Papa aliahidi kuiuza, lakini kila mnunuzi aliyekuja alionekana hana adabu, au hana mikono mizuri, au anaipenda rangi tu.

Basi kila Jumamosi nilikuwa nikipita Keshero kuchukua nambari, nikila chakula cha Mama, nikirudi chumbani kwangu kuzipanga kwenye kompyuta. Baada ya miezi miwili nilikuwa na maelfu ya nambari, na tatizo la kwanza lilikuwa namna ya kumwambia Mama kwamba Keshero ilikuwa na ozoni nyingi kuliko mzungukoni mjini.

Mimi mwenyewe nilidhani nimekosea. Nilikagua mara tatu. Kisha nikakumbuka jambo lililomo katika vitabu vyote, ambalo nilikuwa nimelisoma bila kuliamini: moshi mbichi, ule uliotoka kwenye bomba sasa hivi, hula ozoni. Penye pikipiki nyingi ozoni haipati nafasi, inaliwa papo hapo. Moshi ukisafiri na kuchoka njiani, ukakaa juani, ndipo unapoizaa, na mara nyingi inazaliwa mbali na waliouwasha. Jumapili, pikipiki zikipungua, hata mjini ozoni ilipanda kidogo. Hiyo haina maana mjini hewa ni nzuri. Mjini kuna sumu nyingine, na hiyo nyingine ndiyo iliyokuwa ikiila hii.

Mama aliniacha nimalize kueleza. Alikuwa akichambua mboga ya lengalenga na mikono haikusimama. Aliuliza kama ninataka kusema kwamba watu wa mjini wanatengeneza uchafu halafu unakuja kuivia kwake. Nikasema kwa kiasi fulani ndivyo. Aliuliza kama wanaweza kuandikiwa barua. Jumamosi ile sambaza zangu zilikuwa chache.

Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi. Ozoni hufuata jua, joto na upepo. Kazi ya mtu wa takwimu ni kulipa jua haki yake, na joto haki yake, na upepo haki yake, kisha kuangalia yanayobaki. Kwa kweli tunayaita hivyo, mabaki. Kama kazi imefanywa vizuri, mabaki hayana sura: yanatawanyika juu na chini kama mahindi aliyomwagiwa kuku. Ya mjini hayakuwa na sura. Ya Kibumba hayakuwa na sura, ukiacha lile gunia. Ya Keshero yalikuwa na shimo. Saa tisa na nusu mchana, saa ambayo ozoni inapaswa kuwa juu kabisa, nambari ilikuwa ikianguka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi, inakaa chini karibu nusu saa, halafu inapanda tena polepole. Na haikuwa kila siku. Ilikuwa Jumanne na Ijumaa.

Nilishuku betri, nikaibadilisha. Nilishuku jenereta ya jirani, nikaenda kumuuliza, akasema iliharibika kitambo na kama ninajua fundi nimletee. Nilishuku boti za Kituku, nikaenda kukaa pale ufukweni mchana mzima kuhesabu zinazowasili, nikarudi nimechomwa na jua, nimenunua samaki ambao sikuwataka, na bila jibu. Hata mbingu nilizishuku. Lakini wingu gani linajua kalenda?

Profesa alitazama mchoro wangu kwa muda mfupi akasema nizifute zile saa, niandike hitilafu ya mashine. Nilirudi chumbani nikaziweka kivuli kwenye kompyuta, kidole juu ya kitufe. Zilikuwa nambari chache tu kati ya maelfu, hakuna ambaye angezililia. Kilichonizuia si uaminifu mkubwa. Gunia la baba nililifuta kwa sababu nilijua ni gunia. Hizi nikizifuta bila kujua, kesho nitafuta kitu kingine kwa sababu tu kinaniudhi, na mwisho nitabaki na memwari safi ya mji ambao haupo. Nikauondoa mkono kwenye kompyuta. Jumanne iliyofuata nilikwenda Keshero bila kutoa habari.

Nilifika kama saa tisa na dakika arobaini. Langoni nilisikia mngurumo. Nilizunguka nyuma ya nyumba, na pale, chini ya mashine yangu, bashi ya bluu ilikuwa imekunjwa vizuri kama shuka la hospitali, na Papa alikuwa amekaa juu ya pikipiki. Ilikuwa imesimama kwenye stendi yake, gurudumu la nyuma halikugusa ardhi, na injini ilikuwa ikiunguruma. Alikuwa amevaa kofia ya chuma. Mikono ilishika usukani, macho alikuwa amefumba, na kwenye kona alizoziona yeye peke yake alikuwa akiinama kidogo, kushoto, kulia.

Nilikohoa. Nilikohoa kweli, kwa sababu ya moshi.

Alizima injini, akavua kofia, akanitazama kama mwanafunzi aliyekutwa na mwalimu. Hakujaribu kusema uongo wa pili. Aliniambia kwamba haendi popote, kwamba aliahidi gurudumu halitatoka langoni na halijawahi kutoka. Anaiwasha tu ili isife. Halafu akakiri kwamba hiyo nayo si kweli yote. Maisha yake yote alikaa kwenye kiti cha ofisi akipiga mihuri karatasi za watu wanaosafiri. Pikipiki aliipata karibu na kustaafu, na kwa miaka michache alikuwa mtu anayekwenda.

"Mimi ninaisikiliza tu," alisema. Kisha akainua macho kuelekea ukutani. "Ni ile mashine yako ilinisema?"

"Haikusema jina, Papa. Ilisema tu saa."

"Saa inatosha," akajibu, akaanza kurudisha bashi.

Aliniomba nisimwambie Mama. Nilimwahidi, na niliahidi kwa moyo, ingawa njiani nilianza kuona ubaya wake. Nikilieleza shimo lile katika memwari, Papa amekwisha, kwa kuwa memwari hutetewa hadharani na Mama alishachagua kitenge atakachovaa. Nikilificha, ninafanya kile nilichokataa kumfanyia profesa. Siku nne nililala na jambo hilo bila kupata njia.

Jumamosi Mama aliokoa kila mtu, au aliharibu kila kitu, kwa dakika kama tano. Nilikuwa nimeifungua kompyuta mezani na kwenda kunawa mikono. Niliporudi alikuwa amesimama mbele yake, sahani mkononi, akiutazama ule mchoro wa mabaki. Papa alikuwa upande wa pili wa meza, akitafuta kitu ndani ya kikombe cha chai.

Aliniuliza yale mashimo ni ya siku gani. Ningeweza kudanganya, lakini tarehe zilikuwa zimeandikwa chini.

"Mardi na vendredi," alisoma mwenyewe, taratibu. Aliweka sahani. "Na ile semaine tulikuwa na kilio, korali haikukutana. Nionyeshe ile."

Nilisogeza mchoro mpaka wiki ile. Ulipita saa tisa na nusu ya Jumanne bila kutikisika, ukapita ya Ijumaa vilevile. Mimi nilikuwa nimetafuta kwa miezi, kwa betri na boti na mawingu. Mama alikuwa amelipata jibu kwa swali moja, na kwa njia ambayo profesa wangu angeifurahia: alitafuta wiki ambayo sababu haikuwepo, akaangalia kama tokeo nalo halikuwepo.

Alimgeukia mumewe. "Ulisema ilikufa."

"Ilifufuka," Papa alisema.

"Mara mbili kwa semaine?"

Mama aliingia jikoni. Tulisikia vifuniko vya sufuria vikiwekwa mahali pake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mimi nilitaka kuondoka na Papa alinionyesha kwa jicho nisithubutu kumwacha peke yake. Mama aliporudi hakuwa na hasira niliyoiogopa. Alikaa. Alisema hakuwahi kuchukia ile pikipiki, wala kelele zake. Siku ile ya chukudu, alipoona makaratasi ya mfukoni mwa mumewe yamejaa damu na vumbi la makala, hakujua kama aliyeletwa ni mtu au ni maiti, na aliyekuwa akisukuma hakujua pia.

"Mimi niliogopa barabara," alisema. "Barabara tu."

Papa aliweka mkono wake juu ya meza karibu na wa Mama, bila kuugusa. Walikuwa watu wa namna hiyo.

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema lililofuata. Nilisema kwamba bado hatujathibitisha kitu. Inawezekana ni pikipiki inayokula ozoni, lakini inawezekana pia ni jambo lingine la Jumanne na Ijumaa, kwa sababu pikipiki na korali vilikuwa vimetembea pamoja siku zote. Ili kuvitenganisha, pikipiki ingepaswa kuwashwa kwa siku zilizochaguliwa kwa kura, Mama akiwepo au asiwepo. Papa alinitazama kana kwamba mimi ni malaika. Mama alinitazama vingine, akauliza kama hiyo ni utafiti au ni ujanja. Nikasema ni utafiti. Alifikiri, kisha akatoa masharti: gurudumu lisiguse ardhi, ufunguo ukae kwake, na kura aokote yeye.

Tulikata karatasi kumi na nne. Saba niliandika "iwake", saba "ilale". Mama alizifunga katika kilemba chake, na kila siku kwa wiki mbili alichomoa moja baada ya chakula cha mchana. Ikiwa ni "iwake", alimpa Papa ufunguo kama padri anayetoa hostia. Ikiwa ni "ilale", Papa alirudi kwenye vitunguu na jirani aliambiwa asimsumbue. Siku za kwanza Mama alisimama mlangoni na saa mkononi, akihesabu dakika. Kufikia wiki ya pili alikuwa ametoa kiti, akakiweka upande ambao upepo hauleti moshi, na kutoka pale akawa anamwelekeza: punguza, hapo kuna wanafunzi wanavuka, sasa ni mteremko, shika breki. Papa alitii zote.

Nambari nazo zilitii. Siku za "iwake" shimo lilikuwepo, iwe ni Jumatatu au Jumamosi. Siku za "ilale" halikuwepo, hata Ijumaa. Ozoni haikujua lolote kuhusu korali.

Siku ya utetezi walikaa safu ya tatu, Mama katika kitenge chake, Papa katika koti la ofisi. Sikuwataja. Niliandika tu "chombo chenye injini kilichokuwa karibu". Mmoja wa wasahihishaji, mama mwenye miwani na sauti ndogo, aliniuliza kama nina hakika ozoni ndiyo iliyoshuka, au ni mashine yangu iliyochanganywa na moshi. Lilikuwa swali ambalo nililiogopa kuliko yote. Nilisema mashine za bei nafuu huweza kuchanganyikiwa, na kwamba kwa mashine moja siwezi kutenganisha mambo hayo mawili mpaka mwisho. Profesa wangu alifunga macho. Yule mama akaandika kitu, akauliza tena, safari hii ni nani aliyeokota kura.

"Ni mimi," sauti ilisema safu ya tatu, na ukumbi mzima ukageuka.

Msahihishaji alimuuliza, kwa heshima, kama alifunga macho alipokuwa akiokota.

"Nilifunga, mama. Bwana yangu njo alikuwa anaangalia."

"Alikuwa anaangalia karatasi?"

"Hapana. Alikuwa ananiangalia mimi, kama nimefunga."

Ukumbi ulicheka, na profesa naye, mdomo amefunika kwa memwari yangu. Nilipita vizuri. Aliponipa mkono aliniambia kwamba jibu la "siwezi kutenganisha" ndilo lililonipatia pointi, na kwamba nisimwambie mtu kwamba alinishauri kufuta.

Mashine ya Keshero niliihamishia ukuta wa mbele, mbali na injini. Lakini Mama hakuwa amemalizana nami. Jumamosi moja aliniita akataka kujua ni saa gani ozoni huwa juu kabisa. Nikasema saa nane mpaka saa kumi. Akaniuliza mtu anayeimba anavuta hewa kiasi gani kuliko anayekaa. Sikuwa na nambari, nikasema nyingi, na ya ndani zaidi. Akaniomba mchoro mmoja, ule wa saa za siku, wenye mlima katikati. Nilimchapishia kwa rangi.

Aliubandika kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, kati ya ratiba ya misa na tangazo la ndoa, na Ijumaa akauelezea mbele ya korali nzima akitumia fimbo ya kiongozi wao. Wenye sauti za chini walimwunga mkono mara moja. Wa sauti za juu walibisha kwamba mababu waliimba mchana na hawakufa. Wakapiga kura, safari hii kwa mikono. Tangu wiki ile mazoezi yanaanza saa kumi na mbili asubuhi, mlima ukiwa bado haujaota, na nimewahi kwenda kuwasikiliza. Kifua changu kilikuwa chepesi. Waimbaji wa sauti ya kwanza walikuwa wakipiga miayo katikati ya Gloria, na Mama akiwakazia macho mmoja mmoja.